Daktari wa Kichina anasema nina unyevu mwilini ndiyo maana sipungui. Naomba kueleweshwa

MamaWatatu_GZ

Habari zenu ndugu zangu. Nipo Guangzhou mwaka wa sita sasa, nakusanya mizigo ya watu na kuipakia kwenye makontena ya Dar. Nina miaka 41, watoto watatu, kilo 94. Miezi minane hii nimejinyima kweli kweli: asubuhi sili kitu, mchana saladi na tikitimaji, usiku matunda na maji ya barafu. Nilipungua kilo mbili, na zote zimerudi. Nilipokwenda nyumbani likizo, daktari mmoja akaniambia usoni kwamba nakula kwa kujificha. Nililia kwenye daladala mpaka Mbagala.

Wiki iliyopita jirani yangu Mchina akanipeleka hospitali ya tiba yao ya asili. Daktari ni mama wa makamo. Hata mzani hakuugusa. Alinishika mshipa kwa vidole vitatu, mkono huu kisha huu, akanyamaza muda mrefu. Akaniambia nitoe ulimi, akaupiga picha kwa simu yangu mwenyewe, akanionyesha. Umevimba, pembeni una mabonde mabonde kama kizibo cha soda, ni alama za meno, na juu una utando mweupe mzito. Akauliza: choo kinanata? Ukishakula unasinzia? Unalala saa ngapi? Nikajibu ndiyo, ndiyo, na saa nane usiku. Wateja wangu wa Dar wakifunga maduka saa moja jioni, huku ni saa sita usiku, na hapo ndipo simu zinaanza.

Akasema bandama yangu ni dhaifu na unyevu umejaa. Akanikataza saladi, tikitimaji na barafu, yaani chakula changu chote cha kujipunguza, akaniambia nile uji wa moto kila asubuhi! Pia wanataka kuniwekea nyuzi tumboni kwa sindano. Na kuna mtu hapa mtaani ananiuzia vidonge vya kupunguza mwili, anasema ni mitishamba mitupu. Aliyesoma mambo haya anisaidie: bandama inahusiana nini na unene wangu?

Nanjing_miaka5

Pole sana dada, na hilo la kuambiwa unajificha lisikurudie tena kichwani. Nimesoma tiba ya Kichina Nanjing miaka mitano na hadi leo ndiyo kazi yangu.

Nianze na bandama, maana ndiyo inayowachanganya wengi. Hawasemi kile kiungo ambacho daktari wa upasuaji hukitoa mtu akipata ajali. Wakisema *pi* wanamaanisha kazi nzima ya kugeuza chakula kuwa nguvu, kuigawa mwilini na kuyatembeza maji. Mwalimu wetu alikuwa akichora chungu kwenye jiko. Ukimwaga barafu kila siku, moto unafifia na chakula kinabaki nusu kibichi. Kile kisichoiva ndicho wanachokiita unyevu, na unyevu ukikaa unaganda kuwa *tan*, yaani belghamu. Mafuta ya mwilini wanayahesabu humo humo. Zhu Danxi, daktari wa karne ya 14, alifundisha kwamba watu wanene wana belghamu na unyevu mwingi. Kwa hiyo yule mama alipouona ulimi wako hakuona mtu aliyezidisha, aliona jiko lisilo na moto. Kukunyima zaidi ni kuuzima kabisa.

Kuna kisa ambacho sikukisahau tangu mwaka wa pili. Mwaka 1232 mji wa Kaifeng ulizingirwa na Wamongolia. Daktari Li Dongyuan alikuwepo. Mji ulipofunguliwa watu walikufa kwa wingi, na waganga wakawatibu kama wenye homa ya kutoka nje. Yeye akasema hapana, hawa wameharibiwa tumbo na bandama kwa njaa, hofu na uchovu. Mwaka 1249 akaandika kitabu kizima juu ya tumbo na bandama, na tunakisoma hadi leo. Huwa namkumbuka kila anapoingia mwanamke aliyejishindisha njaa miezi kadhaa huku halali.

Sikufichi: hakuna kipimo cha maabara kinachoonyesha unyevu. Ni lugha ya kupanga dalili. Lakini maagizo yanayotoka humo nayaamini, kwa sababu yanakugusa pale unapoumia. Kula asubuhi, kati ya saa moja na saa tatu, kwao ndiyo saa ya tumbo. Kula kilichopikwa. Simu zifungwe saa tano usiku ya huko, wateja watazoea. Nunua *yimi*, zile punje nyeupe zenye mfereji katikati, zipo kila soko la Guangzhou. Zikaange kikavu mpaka zinukie, kwa sababu zikiwa mbichi wanazihesabu kuwa za baridi, kisha zichemshe na maharagwe madogo mekundu kwa saa nzima, unywe supu yake bila sukari. Kama una mimba usiziguse.

Nyuzi ni za kuyeyuka. Zinaingizwa kwenye nukta zile zile ambazo tiba ya Kichina huzichoma sindano, kama *tianshu* pembeni ya kitovu, na zinarudiwa kila wiki mbili hivi. Wapo wagonjwa wangu waliotulia hamu ya kula, wapo ambao hawakuona kitu. Kwako ningesubiri. Kwanza chakula na usingizi. Ukiamua, iwe hospitalini, si saluni, na waambie kama una kisukari au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Bi_Mkubwa_Unguja

Mwanangu, maneno haya si mageni kwetu. Marehemu bibi yangu alikuwa akisema "huyu ana baridi" na anatutoa kwenye dafu na machungwa, anatupikia supu ya pweza na pilipili manga. Na madaktari wa Kichina kutoka jimbo la Jiangsu wapo Unguja tangu 1964, mimi mwenyewe nimechomwa sindano za goti. Kunywa uji wako, mama.

Muuguzi_mstaafu

Dada, mimi nazungumzia vidonge tu. Usivimeze. Miaka ya mwanzo ya 1990, Brussels, kliniki moja ya kupunguza uzito iliwapa wanawake mchanganyiko uliotakiwa kuwa na mmea uitwao *hanfangji*. Ukaingia *guangfangji*, jina karibu sawa, mmea mwingine kabisa wenye sumu. Wanawake zaidi ya mia moja waliharibika figo, na baadaye baadhi yao wakapata saratani ya njia ya mkojo. Sumu hiyo nayo ilitoka kwenye mtishamba. Na vingine vya siku hizi vinachanganywa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Muuzaji hakwambii.

Halafu: kuchoka, kuvimba, kusinzia, uzito usioshuka, umri wa miaka 41. Kapime tezi ya shingo, kipimo chake ni TSH, pamoja na sukari na wingi wa damu. Kama hedhi imevuruguka, waambie. Ulimi uliovimba mpaka ukabaki na alama za meno unaweza kuwa dalili ya tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri. Uji utaendelea kuunywa huku unasubiri majibu.

MamaWatatu_GZ

Asanteni, nimesoma yote nikiwa ghalani, nikamwita na mwenzangu asome. Nimerudi baada ya siku tisa. Vidonge sikununua. Wateja nimewaandikia kwamba baada ya saa kumi na mbili jioni ya Dar sipokei simu. Wawili wamenuna, wengine wamesema sawa. Uji nakunywa wa mchele na tangawizi, na zile yimi nimezikaanga, zinanukia kama bisi. Mzani umeshuka nusu kilo tu, ila sisinzii tena juu ya karatasi za forodha baada ya chakula cha mchana. Damu nimetoa jana, majibu ya TSH ni Alhamisi.

Kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki naupiga ulimi picha pale pale dirishani. Mabonde bado yapo pande zote mbili. Utando wa katikati ndio naona umepungua, ila nitamwonyesha yule mama mwenyewe aseme.