Bibi anatembea kwa kupapasa ukuta, ntajuaje kama atakuja kuanguka?

mjukuu_makorora: Habari zenu wadau, bibi yangu ana miaka 78 yupo hapa Makorora Tanga anaishi na binamu yangu wa form two, mimi nakuwepo wikiendi. Anasema hajawahi kuanguka ila siku hizi akienda uani anapapasa ukuta mpaka afike, na kunyanyuka kitini lazima ajisukume kwa mikono. Mjomba anasema uzee tu huo mwacheni. Kuna namna ya kujua mapema au tusubiri avunjike nyonga ndo tukimbizane hospitali ya Bombo?

viungo_tanga: Mwambie mjomba huko kupapasa ukuta ndo dalili yenyewe. Kwenye fiziotherapia tuna kipimo rahisi unaweza kukifanya hapo sebuleni, weka kiti kigumu, pima mita 3 piga alama ya chaki, bibi akae, ukisema haya anyanyuke aende kwa mwendo wake wa kila siku mpaka kwenye alama ageuke arudi akae, wewe unahesabu na simu. Ikifika sekunde 12 au zaidi hapo kuna hatari. Avae ndala zake zile zile na wewe ukae karibu yake usije ukamwangusha kwenye kipimo 😅 Ila msisahau kuangalia anavyogeuka, mwenye shida hugeuka kwa vihatua vingi vingi.

Mama Shufaa: Na hilo la hajaanguka usiliamini sana mwanangu. Wazee wanaficha, wanajua wakisema tu wanahamishiwa Dar kwa watoto. Kambane huyo binamu.

duka_la_dawa: Anakunywa dawa gani? Za usingizi zinayumbisha, hata piriton, na dawa ya kukojoa akiinywa jioni basi usiku kucha yupo njia ya uani gizani. Mpimeni presha akiwa amelala dakika 5, asimame, mpime tena dakika ya 1 na ya 3. Ya juu ikishuka 20 au ya chini ikishuka 10, mwambieni daktari. Msimkatishie dawa wenyewe jamani, bebeni zote muende nazo.

mjukuu_makorora: Nimempima, sekunde 19 na kwenye kugeuka kashika meza. Binamu nae katoboa kumbe bibi alishateleza uani, wakakubaliana nisiambiwe!! Na dawa ya kukojoa kweli anainywa akishakula usiku. Jumatatu nampeleka kliniki, taa ya uani fundi anakuja kesho. Mkongojo ndo hataki hata kuusikia, eti watu wa barazani watamcheka.

viungo_tanga: Akikubali usimnunulie wa kubahatisha, asimame na viatu mikono aiachie chini, pa kushikia pawe usawa wa kifundo cha mkono. Ukiwa mrefu nao unaangusha.

Mama Shufaa: Hao wa barazani nusu yao wanayo yao ndani 😂