Binti yangu ana A tupu, shule inasema ni wa 61: hii hesabu ya GPA (wastani wa pointi za masomo) huku Texas inawaumiza watoto wetu

Wakuu habari za muda huu. Nimetoka shifti ya usiku sijalala na sitalala mpaka niandike hili, limenikaba kooni toka juzi.

Niko Houston na familia. Binti yangu mkubwa anamaliza sekondari mwaka huu, alikuja huku akiwa ameshamaliza kidato cha pili nyumbani wakamuingiza darasa la 10. Toka siku ile mpaka leo hana B hata moja. HATA MOJA. Juzi tumeitwa kwa kaunsela, akatoa karatasi akaweka kidole kwenye mstari wa chini, nafasi ya 61 kati ya wanafunzi 540. Kumi kwa mia ya juu inaishia kwenye 54. Kwa hiyo hayumo kwenye orodha ya wahitimu wa heshima, wale wanaovaa skafu ya dhahabu juu ya joho siku ya mahafali, na hayumo kwenye nafasi za vyuo nitakazoeleza hapo chini.

Nikamuuliza mama wa watu, huyu ana A kila somo, hao 60 wamepata nini kinachozidi A? Ndipo nikaelezwa hesabu yenyewe, na nawaomba msome taratibu maana mimi nimeelewa miaka mitatu baadaye.

A ya darasa la kawaida ina pointi 4. A ya darasa la AP, yale masomo ya kiwango cha chuo, ina pointi 5. Maana yake aliyepata B kwenye AP analingana na mwanangu aliyepata A, na aliyepata A kwenye AP kashampita kabla hata mwanangu hajashika kalamu. Sawa, masomo magumu yapewe uzito, hilo sibishani nalo. Ila sikilizeni hii: mtoto ana masomo 5 ya AP kapata A yote, wastani wake 5.0. Mwenzake ana hayohayo 5 na A zilezile, ila akaongeza kwaya na akapata A. A ya kwaya ni 4, jumla 29 gawanya kwa 6 unapata 4.83. Yaani kapata A, wastani UMESHUKA! Wanaojua wanawaambia watoto wao waache kwaya, waache kuchora, hicho kipindi wakae bure tu namba isishuke. Na huko juu kabisa wanapishana kwa desimali, na anayeshika namba moja anasamehewa ada ya masomo mwaka wa kwanza kwenye vyuo vya umma vya Texas. Desimali hizo ni hela jamani.

Sasa kwa nini binti yangu hakusoma AP? Hapa ndipo damu inapochemka. Siku ya kuandikisha shule kuna fomu inauliza nyumbani mnaongea lugha gani. Nikaandika Kiswahili, ningeandika nini kingine? Basi akapewa mtihani wa Kiingereza wiki ya kwanza, mtoto katoka kwenye ndege juzi anasikia lafudhi ya Texas kwa mara ya kwanza, akapelekwa madarasa ya wanaojifunza Kiingereza. Mtoto huyu alisoma fizikia, kemia, baiolojia, hesabu, yote kwa Kiingereza, sekondari zetu ndivyo zinavyofundisha! Madarasa hayo pointi zake ni 4 tu hata upate mia kwa mia. Wakasema AP asubiri kwanza Kiingereza kikae sawa, akasubiri mwaka mzima. Na kumbe mzazi ana haki ya kukataa, mimi niliwekewa karatasi nikasaini nikidhani nasaini mtoto aanze shule.

Halafu zile alama zake za nyumbani. Kwenye karatasi ya kaunsela mwaka ule wote umeandikwa herufi P, P, P, P, kwamba kafaulu tu, pointi hamna. Alama zake za B na A za kidato cha pili, mtoto alikuwa anaamka saa kumi usiku kujisomea, zimegeuka P. Wenzake wana miaka mitatu ya kuchuma pointi, yeye miwili, na mmoja katika hiyo miwili amefungiwa kwenye 4.

Na msidhani ni mambo ya sifa na skafu. Texas ina sheria ya mwaka 1997, ilitungwa baada ya mahakama kuzuia vyuo kuangalia rangi ya mtu, ikasema mtoto aliye ndani ya kumi kwa mia ya juu ya shule yake apokelewe moja kwa moja chuo cha umma, hata kama shule yake ni ya maskini. Baadaye UT Austin, chuo kikuu kikubwa cha jimbo, wakaruhusiwa kupunguza, sasa wako kwenye 5 kwa mia, lakini Texas A&M, chuo kingine cha umma, bado ni kumi. Sheria nzuri kabisa, kama imeandikwa kwa ajili ya watoto wetu. Ila nafasi inahesabiwaje, hilo kila wilaya ya shule inajipangia yenyewe! Na unaomba chuo na namba ya mwisho wa darasa la 11, kwa hiyo mzazi anayekuja kuuliza darasa la 12 kama mimi kashachelewa.

Nyumbani Tanzania tunalalamikia sana NECTA, baraza la mitihani, na 2023 waliacha kabisa kutangaza kumi bora, lakini angalau mtihani wa kidato cha nne ni mmoja, pointi zinajumlishwa masomo 7 bora, daraja la kwanza ni 7 mpaka 17, mtoto wa Masasi na wa Masaki wanajua kitu kimoja. Huku kanuni ziko kwenye kitabu cha kurasa mia na kitu kwenye tovuti ya shule, Kiswahili hakimo, na hakuna aliyewahi kuniambia kifungue.

Kilichoniuma zaidi ni binti mwenyewe. Hakulia. Aliikunja ile karatasi mara nne akaiweka mfukoni akasema baba twende, utachelewa kazini.

Wenye watoto darasa la 8 na la 9, kaulizeni WIKI HII: masomo yapi yana 5, alama za nyumbani zinaingiaje, nani kaamua mtoto asisome AP, na mpewe majibu kwa maandishi. Na kama kuna mtu hapa Texas amewahi kubadilishiwa zile P zikawa alama, naomba aniambie alipitia wapi. Alhamisi saa tisa mchana naonana na mkuu wa shule, matokeo yake ya kidato cha pili ninayo kwenye bahasha.