Kikanisa chetu cha Kadutu: tukitengeneze, tukifanye chumba cha kusomea, au tukiuze?

Mkaaji wa Kadutu
Wandugu wa Bukavu, shirika letu, yaani jumuiya yetu ndogo ya sala ya parokia, linakutana tena kuhusu kikanisa cha pale juu, kile kilichofungwa baada ya tetemeko la 2008. Wengine wanataka kitengenezwe tusali tena. Wengine wanasema kibomolewe, kiwanja kiuzwe. Kuna mtu amekwisha kuja kupima, anataka kupandisha etaji, nyumba ya ghorofa. Mimi naomba kiwe chumba cha kusomea. Umeme ukikatika jioni, watoto wa mtihani wa taifa wanasoma kwa mwanga wa simu, katikati ya kelele za nyumbani. Kanisa la parokia linatutosha Jumapili. Kinachokosekana kartie nzima, mtaa wote, ni mahali pa kukaa bila kulipa.

Kijana wa Nyamugo
Yaya, uzeni. Feza itengeneze mfereji. Kila mvua kubwa tunahofia nyumba za bondeni, na kuta zile zikianguka zitaangukia watu.

Mama wa Shirika
Wanangu, msipite haraka hivyo. Askofu wetu Munzihirwa alipouawa pale Nyawera, hapa mjini, tarehe 29 Oktoba 1996, humo ndimo tulimosali rozari, milango imefungwa, bila kuimba. Mwaka 2000 Askofu Kataliko, aliyemfuata, alipozuiliwa Butembo na waasi asirudi kwetu Bukavu, tulikutana humo jioni kumwombea. Aliporudi Septemba, kengele yetu, ile rimu ya lori iliyotundikwa kwenye mti wa avoka, ilipigwa mpaka katekista akachoka mkono. Oktoba akafia Roma, tukarudi mulemule kulia.

Na tetemeko lile la 3 Februari 2008 lilitukuta Jumapili asubuhi. Sisi tulitoka wazima. Ng'ambo ya Ruzizi, huko Rwanda, kuna waumini walioangukiwa na makanisa wakiwa wanasali. Nyumba iliyotuachia uhai haiuzwi. Watoto wasome, nakubali kwa moyo wote, ila siku moja kwa juma iwe ya sala ya shirika.

Fundi wa Bagira
Mama, asante. Nimepita kutazama. Nyufa zinatoka kwenye pembe za madirisha na kupanda mshazari, na juu ya matofali hakuna mkanda wa beto, yaani zege, wa kuzishika kuta zote nne. Mnayemwogopa ni tetemeko, lakini anayekula msingi kila siku ni maji: mabati yametoboka, hakuna mfereji wa paa, yote yanashuka kwenye ukuta wa chini.

Kijana wa Nyamugo ana haki ya kuogopa, ila mwenye etaji atachimba mteremko uleule na kuweka uzito zaidi juu yake. Hapo bondeni hamtapata usalama.

Bandikeni vipande vya plasta ya jasi juu ya nyufa, muandike tarehe. Vikipasuka baada ya mvua, ukuta bado unatembea, hata sala moja isifanyike ndani. Vikibaki vizima, tuongee mkanda na paa.

Mwalimu wa Ibanda
Hata mkikubaliana wote, shirika haliwezi kuuza. Kwa sheria ya Kongo ya 1973 ardhi ni ya Serikali. Anachoshika mtu ni haki ya kuitumia, kwa hiyo ulizeni parokia hati iko kwa jina la nani. Kisha kanuni ya 1222 ya sheria za Kanisa inampa askofu mamlaka ya kuliachia kanisa lisilotengenezeka lifanye kazi nyingine, mradi isiwe ya aibu. Kusomesha watoto si aibu. Mwandikieni paroko sasa, kabla mpimaji hajarudi.

Kijana wa Nyamugo
Nimesikia, Papa Fundi. Kama maji yataelekezwa vizuri, mimi siuzi tena. Lakini mfereji uanze kabla ya viti na vitabu.

Mkaaji wa Kadutu
Sawa, mfereji kwanza. Mama, siku ya shirika naiandika ndani ya barua ya paroko, mtaisoma kabla haijapelekwa. Jasi nitanunua mimi. Mwenye ngazi ndefu aniandikie, tubandike Jumamosi kabla ya mvua ya mchana.