UZI: Aliyegonga anaanza wa kwanza, aliyegongwa anaanza wa 31, kisa mvua. Na mwavuli juu!

Mzee wa Kona ya Nne (mleta uzi)

Wakuu, nina hasira na sitaki kutulizwa.

Mnamjua yule dereva. Sina haja ya kumtaja, hata mtu aliyewahi kuiona NASCAR, zile mbio za magari za Marekani, mara moja kwa bahati mbaya akitafuta taarifa ya habari anamjua. Wiki iliyopita, raundi ya 12 tu, kona ya tatu, akachomeka pua mahali ambapo hata baiskeli ya muuza samaki haipiti. Akamgusa dereva wetu nyuma kushoto, wetu akaenda kusalimiana na ukuta. Gari likavutwa, likaandikwa la 36. Yeye akaendelea na safari kama daladala iliyoangusha abiria, na mwisho wa siku akashinda.

Haya, tukameza. Jana ilikuwa siku ya kusaka nafasi za kuanzia, kila mtu na saa yake, haki tupu. Wingu likaja. Matairi kipara hayana mfereji hata mmoja, kiwanja chenyewe kimeinama kama bakuli, maji ya unene wa karatasi yanatosha kuifanya tani moja na nusu ya chuma iteleze kama kipande cha sabuni. Mashine za kukausha zikazunguka, mvua ikarudi. Zikazunguka tena, lami ikaanza kutoa machozi kwenye maungio. Wakafuta zoezi zima, wakachapisha karatasi.

Wa kwanza: YEYE. Hajazungusha gurudumu hata nusu! Amesimama chini ya mwavuli mkubwa kuliko hema la harusi, kikombe mkononi, anapunga. ANAPUNGA, wakuu. Wetu: wa 31.

Yaani aliyegonga wa kwanza, aliyegongwa wa 31. Na mwavuli juu. Nimekaa hapa nasubiri mtu anielimishe.

---

BintiSpana

Mzee futa povu kwanza, hesabu ni hii. Mvua ikifuta, nafasi zinapangwa kwa fomula: 70% ni ulimaliza wa ngapi mbio zilizopita, 30% ni nafasi ya mwenye gari kwenye msimamo wa pointi. Namba ndogo inakaa mbele.

Wenu: wa 36 × 0.7 = 25.2. Kwenye pointi ni wa 8 × 0.3 = 2.4. Jumla 27.6.
Wa mwavuli: wa 1 × 0.7 = 0.7. Pointi wa 5 × 0.3 = 1.5. Jumla 2.2.

Kuna gari la 33 kwenye pointi, halijawahi kutisha hata mbu, lakini wiki iliyopita lilijiburuza likamaliza la 20. 14 + 9.9 = 23.9. Linaanza mbele yenu. Kompyuta haijui nani alimgonga nani, inajua namba tu.

---

Mzee wa Kona ya Nne

Asante kwa kunitia chumvi kwenye kidonda, tena kwa desimali. Na mwavuli una asilimia ngapi kwenye hiyo fomula?

---

Tairi la Akiba

Mwavuli ni 100% 😂😂😂

---

DerevaWaMawazo

Mleta uzi ana hoja ila anaificha ndani ya kelele. Hii fomula ilipoanza mwaka 2020 haikuwa hivi. Ilikuwa 25% dereva alimaliza wa ngapi, 25% gari la mwenye timu lilimaliza la ngapi, 35% msimamo wa pointi wa mwenye gari, 15% raundi ya kasi zaidi ya mbio zilizopita.

Sasa mpigie hesabu wenu. Aligongwa raundi ya 12, matairi bado mapya, tuseme raundi yake ya kasi ilikuwa ya 10 kwa ubora. 9 + 9 + 2.8 + 1.5 = 22.3. Lile gari la 33 la kujiburuza, raundi yake bora tuseme ya 28: 5 + 5 + 11.55 + 4.2 = 25.75. Kwa fomula ya zamani mngekuwa mbele yake. Ile 15% ilikuwa ndogo lakini ndiyo sehemu pekee iliyoangalia kama gari lina mbio au halina. Wameitoa, ajali ya mtu mmoja inakuandama wiki mbili.

---

Fundi Mitambo CLT

Watu wanaongelea nafasi ya kuanzia kana kwamba ndiyo tatizo kubwa. Tatizo kubwa ni boksi la piti, pale gari linaposimama kubadilishiwa matairi na kujazwa mafuta. Mpangilio wa kuanza ndio unaoamua nani achague boksi kwanza, na wa kwanza karibu siku zote anachukua namba moja, lile la mwisho kabisa kwenye mlango wa kutokea. Mbele yako hakuna gari, hugeuzi usukani kumkwepa mtu. Mstari wa mwisho wa kupima mwendo uko jirani, ukishatoka unakanyaga mafuta. Wa 31 anachukua makombo: amebanwa kati ya magari mawili, anaingia kwa kupinda, jeki inachelewa, anatoka kwa kupinda. Nusu sekunde hapa, nusu sekunde pale, kila mkirudi piti mnapoteza nafasi mbili tatu mlizozipigania raundi 50.

Nafasi ya kuanza unaweza kuifuta barabarani. Boksi unakaa nalo mpaka bendera ya miraba ya kumaliza.

---

Mzee wa Kona ya Nne

SIKUJUA KAMA BADO KUNA LA BOKSI. Kwa hiyo wakati anapunga pale chini ya mwavuli alikuwa ameshachukua na boksi??

---

Fundi Mitambo CLT

Fundi wake mkuu ndiye anayechagua. Yeye kazi yake ilikuwa kupunga.

---

Mama Bendera

😂😂 mmemuua mzee wa watu

---

Tairi la Akiba

Kwani wa 31 ni kifo? Mbio ni ndefu, apite watu basi, si dereva?

---

BintiSpana

Mdogo wangu, kiwanja cha nusu maili hicho. Raundi moja ni kama sekunde 15. Bendera ya kijani ikishuka, mkia wa foleni tayari uko sekunde 6 au 7 nyuma ya kiongozi, maana yake kiongozi anahitaji sekunde 8 tu kukukuta kwa nyuma. Ukiwa umekwama kwenye msongamano unapoteza sehemu 3 za kumi kila raundi, raundi ya 27 ameshakupiga mzunguko. Hapo unaomba bendera ya njano itoke, wote wapunguze mwendo, na wewe uwe wa kwanza kati ya waliopigwa, ili urudishiwe raundi yako bure. Na haya magari ya tangu 2022 kwenye viwanja vifupi kupita mtu ni kazi ya punda. Mwisho wa hatua ya kwanza na ya pili za mbio wanagawa pointi 10 hadi 1 kwa kumi bora. Wa 31 hizo anazisikia kwenye redio tu.

---

Kipara Slick

Nyinyi mnalia na fomula, hamjui mababu zenu walikula nini. Kuanzia 2005 hadi 2012 magari 35 ya juu kwa pointi za mwenye gari yalikuwa na uhakika wa kuanza, uwanja magari 43. Waliobaki walikuwa wanapigania nafasi chache zilizobaki kwa saa. Mvua ikinyesha, saa hakuna, nafasi zinajazwa bila mtu kupimwa. Timu ndogo imeendesha lori siku mbili, imelipa hoteli, imenunua matairi, inapakia gari kwenye tela na kurudi nyumbani bila hata kuwasha injini. Leo kuna chata 36, yaani vibali vya uhakika wa kuanza kila mbio, mwenye chata anaanza hata radi ipige. Wenu anaanza wa 31 akiwa na maji ya kunywa kwenye gari, shukuruni.

---

DerevaWaMawazo

Na ukaja wakati mvua ikifuta wanatumia kasi za mazoezi. Ilionekana haki kuliko zote. Matokeo yake kila timu ikiona wingu kwenye rada inaacha mazoezi ya maana, inaziba grili kwa tepu, inapiga raundi mbili za moto kabla injini haijachemka, inarudi gereji. Hakuna aliyejua gari lake litakuwaje raundi ya 40. Na mvua ikila na mazoezi pia, mnabaki palepale.

---

Mama Bendera

Mimi bora wapige kura tu. Mwezi Mei 2020 waliporudi kiwanja cha Darlington baada ya corona hakukuwa na mazoezi wala kufuzu, wakachanganya karata kwa makundi: 12 wa juu wanagombea nafasi 1 hadi 12, wanaofuata 13 hadi 24, kisha 25 hadi 36. Brad Keselowski akachomoa ya kwanza. Siku tatu baadaye, palepale, wakageuza matokeo ya 20 bora: aliyemaliza wa 20, Ryan Preece, anaanza wa kwanza. Kevin Harvick aliyeshinda anaanza wa 20. Safi! Kila mtu alilia siku yake.

---

Kipara Slick

Na hiyo ya pili mvua ikaja kuimaliza kabla ya muda, raundi 208 kati ya 228, Denny Hamlin akabeba. Mvua haina adabu, ukiifukuza mlangoni inaingia dirishani.

---

Mzee wa Kona ya Nne

Kugeuza! Hiyo ndiyo! Wangegeuza jana, wa mwavuli angeanza wa 20 na mwavuli wake ungelowa kwa matope ya watu 19.

---

BintiSpana

Na wenu aliyemaliza wa 36 angeanza wa 36, mzee. Walikuwa wanageuza 20 tu. Mngerudi nyuma nafasi tano.

---

Tairi la Akiba

💀💀💀 uzi ufungwe

---

Pasi ya Suzuka

Nyie watu wa kuzunguka kushoto mna shida za kujitakia. Formula 1 kule Suzuka, Japani, mwaka 2004, 2010 na 2019 Jumamosi ikiharibika wanasogeza kufuzu hadi Jumapili asubuhi, mchana wanashindana. Kwisha.

---

Fundi Mitambo CLT

Wao magari yanaingia pamoja. Huku magari 38 yanatoka kwa zamu, raundi ya kupasha na ya kupimwa, kisha ukaguzi, na gari linafungiwa, ukigusa kitu kisichoruhusiwa unapelekwa mkiani. Halafu asubuhi hiyo hiyo lami imeoshwa mpira wote, wanatakiwa waweke bendera ya njano ya lazima mapema ili watu waangalie matairi. Wa nyuma huwa anafaidi hapo, anabadilisha mapema wakati wa mbele anaogopa kupoteza nafasi. Hiyo ndiyo dawa ya wenu leo, si kupiga kelele.

---

Kipara Slick

Si kuna matairi ya unyevu? Richmond Machi 2024 walianza nayo, na New Hampshire Juni mwaka ule ule wakamalizia nayo, Christopher Bell akashinda.

---

Fundi Mitambo CLT

Ya unyevu, mkuu, si ya mafuriko. Lami ikiwa imelowa tu na mvua imeacha. Jana ilikuwa inamwagika.

---

Vumbi la Naivasha

Manze nyinyi mnalia sana. Kwetu Safari Rally anayeongoza ubingwa ndiye anatumwa mbele Ijumaa afagie njia. Kule Kedong, Naivasha, lile vumbi la fesh-fesh laini kama unga wa ugali, wa kwanza analizoa lote, wa sita anapita njia safi. Kwenu kiongozi anapewa mwavuli, kwetu anapewa ufagio.

---

Mzee wa Kona ya Nne

Hapo sasa! Mpeni ufagio!

---

Pasi ya Suzuka

Ila mvua ikinyesha Naivasha inageuka. Wa kwanza anapita kabla njia haijachimbwa, wa nyuma wanaogelea kwenye mitaro. Kwa hiyo hata ninyi mvua ndiyo inapanga.

---

Vumbi la Naivasha

Na hiyo ndiyo malalamiko yangu sasa. 2021 hadi 2023 ilikuwa Juni, vumbi lako unalijua. 2024 wakaipeleka Machi, mwanzo wa masika kabisa! Nani alikaa mezani akasema Machi ni poa?

---

Mama Bendera

Machi sawa tu, mwaka mzima watu walikuwa wanalalamika vumbi linaingia kwenye injini.

---

Vumbi la Naivasha

Vumbi linaingia ndiyo maana wanafunga snokeli, dada. Ile bomba inayopanda kando ya kioo. Inavuta hewa juu, vumbi na maji yabaki chini.

---

Mzee wa Kona ya Nne

Wakuu turudi kwenye mada. Mwavuli.

---

Tairi la Akiba

Kwani mbio zenyewe leo saa ngapi kwa saa zetu?

---

BintiSpana

Saa tisa alasiri ya huko mashariki ya Marekani, kwetu saa nne usiku. Ikinyesha tena basi ni kesho.

---

Tairi la Akiba

Snokeli unaweza kuifunga kwenye Probox?

---

Vumbi la Naivasha

Unaweza, ila lazima utoboe fenda na uzibe kila kiungo kwa silikoni. Ukiacha tundu dogo tu, inavuta vumbi kutoka palepale na hujafanya kitu. Weka picha ya injini tuone chujio lako liko upande gani.