Familia za wanajeshi zipimwe afya ya akili, na matokeo yatangazwe?

Mtoto wa Kambi (mwenye mada)
Wanajamvi, habari za jioni. Naleta swali ambalo kwetu halikuwahi kuulizwa kwa sauti. Je, utafiti wa afya ya akili katika familia za wanajeshi wa Kenya ufanywe na watu wa nje ya jeshi, na matokeo yawekwe wazi? Mimi nasema ndiyo.

Nimekulia katika kambi moja ya Bonde la Ufa. Ijumaa ya Januari 15, 2016, El Adde, kambi ya wanajeshi wetu kule Somalia, iliposhambuliwa na Al-Shabaab, nilikuwa darasa la saba. Baba alikuwa Somalia, kituo kingine. Mama aliiweka simu juu ya friji, mahali pekee palipokuwa na netiwaki, na hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Jirani wa mlango wa pili alikuwa amefua Alhamisi. Nguo zilibaki kwenye kamba hadi Jumatatu, zimejaa vumbi. Hakuna aliyethubutu kuzianua, maana kuzianua kulikuwa kama kusema jambo. Serikali haikutoa idadi ya waliokufa siku ile. CNN ndio waliokadiria 141. Sasa kama hatuhesabu marehemu, tutawahesabu vipi watoto wasiolala?

Baba alirudi mzima, mikono miwili, miguu miwili. Ila chakula cha jioni kikaanza kuchelewa. Alihesabu sahani, akatuhesabu sisi, akarudia sahani. Mdogo wangu akienda msalani bila kuaga, hesabu inaanza upya. Hatukuuita ugonjwa. Tuliita paredi, tukacheka.

Afande Mstaafu
Pole kijana, lakini umechanganya mambo. Ukitangaza kwamba sehemu fulani ya wanajeshi wako hawalali, umemchorea adui ramani. Al-Shabaab nao wanasoma magazeti yetu. Halafu si kweli kwamba jeshi halina kitu. Lina madaktari, lina mapadri na maimamu, na wake zetu wana chama chao, MWAK. Sisi tuliotoka Sierra Leone mwaka 2000, wenzetu wakiwa wametekwa na waasi wa RUF, hatukuona mshauri nasaha hata mmoja. Watoto tukalea, wakasoma.

Mtoto wa Kambi
Heshima zako afande. Mlilea, sikatai. Je, hao watoto waliwahi kuulizwa?

Mpenda Takwimu
Hoja ya adui naipinga kwa mfano. Mwaka 2010, vita vya Afghanistan vikiwa vimepamba moto, jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha utafiti juu ya watoto wa wanajeshi wa umri wa miaka 3 hadi 8. Mzazi alipokuwa vitani, safari za watoto hao kwa daktari kwa sababu ya akili na tabia ziliongezeka asilimia 11. Zile za magonjwa mengine zilipungua. Mwaka huohuo ukatoka mwingine wa watoto wa miaka 11 hadi 17: kadiri miezi ya mzazi vitani ilivyorefuka, ndivyo matatizo yalivyozidi, na hali ya akili ya mzazi aliyebaki nyumbani ilikuwa na uzito wake. Yote hayo yalisomwa na dunia nzima, Taliban wakiwemo. Nani alishindwa vita kwa sababu ya jedwali la watoto wa chekechea?

Ila mwenye mada naye asikimbilie kulaumu safari ya vitani. Watafiti wa King's College London waliochapisha katika jarida la Lancet Psychiatry mwaka 2018 hawakuona kwamba baba kwenda Iraki au Afghanistan, kwenyewe tu, kulihusiana na matatizo ya mtoto. Kilichohusiana ni baba kurudi na dalili za kiwewe. Kwa hiyo tukiamua kupima, tuanzie siku begi linapofunguliwa sebuleni.

Mdau wa Dar
Nachangia kutoka upande wa pili wa Namanga. Sisi tulipoteza vijana wasiopungua 14 wa jeshi letu, JWTZ, huko Semuliki, kule Beni, Kongo, Desemba 7, 2017, na wengi wakajeruhiwa. Ninachoogopa ni kunakili. Huo utafiti wa Marekani ulihesabu waliofika kwa daktari. Mtoto wa kwetu akianza kukojoa kitandani akiwa na miaka tisa, anapelekwa kwa bibi. Bibi anajua dawa yake, na mchungaji anaitwa aombe. Daftari la hospitali litaonyesha familia zina afya tele! Mtafiti anayebaki kambini atakuta nyumba nadhifu na watoto watulivu, kwa sababu yule msumbufu yuko kijijini kwa bibi tangu mwaka jana.

Mama Pacha, Mombasa
Shikamoo afande, na nyote hamjambo. Mimi mume wangu ni wa majini. Utafiti siupingi, napinga jina la mtu kuandikwa. Mume akiandikwa mgonjwa, misheni hana. Misheni hana, posho hana. Kiwanja chetu Mtwapa nyumba imefika linta. Mwaniambia nimtaje?

Kuna siku waliletwa watu na fomu, sisemi wa wapi. Tuliijaza ukumbini, wake za maofisa meza ya mbele, sisi nyuma. Swali moja lilikuwa: je, mumeo amebadilika tangu arudi? Tukaandika hapana, meza nzima. Aliyekaa kulia kwangu aliandika hapana kwa mkono wa kushoto, wa kulia ulikuwa kwenye bendeji. Hizo karatasi zikapelekwa mahali zikawa takwimu.

Mwalimu wa Darasa la Nne
Na kuna ya watoto. Ukitaka kumhoji mtoto, mzazi lazima atie sahihi. Mzazi huyo ndiye tunayetaka kujua habari zake. Nimewahi kupokea barua ya ruhusa imerudi imechanwa vipande vinne, imekunjwa vizuri ndani ya daftari la hesabu.

Mtoto wa Kambi
Mama Pacha, umenishinda hapo. Nilidhani tatizo ni jeshi kuficha. Kumbe hata sisi tunalisaidia, na tuna sababu. Tukumbuke pia kwamba hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipokifuta kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai Kenya. Nani angekiri kwenye fomu jambo la kumpeleka mumewe kizimbani?

Basi narekebisha. Jina lisiandikwe, kambi isitajwe wala batalioni. Matokeo yacheleweshwe hata miaka miwili afande akitaka. Chuo kikuu ndicho kiulize. Na wafuatwe watoto walioko kwa bibi.

Afande Mstaafu
Miaka miwili ningeikubali. Watu wa chuo bado. Raia hajui mtu aliyetoka mstari wa mbele anazungumza vipi. Atamwuliza kama analala, ataambiwa nalala, ataandika analala. Mwenzake aliyevaa sare angeona macho.

Mpenda Takwimu
Afande, aliyevaa sare ndiye aliyekuwa ukumbini siku ya Mama Pacha.

Afande Mstaafu
Huyo sijui alikuwa nani. Nasema mstaafu, asiye na cheo juu ya mtu yeyote, akae na huyo wa chuo.

Mama Pacha, Mombasa
Hapo sawa, lakini wasituite ukumbini tena. Waje nyumbani saa nne asubuhi, watoto wakiwa shule na waume kazini. Waje wawili, mmoja awe mwanamke, na huyo mstaafu wenu aache zile buti. Sakafu zetu zina mwangwi, jirani akisikia buti mlangoni kwangu ataanza kulia kabla hajauliza.