Naomba ushauri: White Sox wanajenga upya kikosi, nitajuaje safari hii ni kweli?

Habari zenu wakuu. Naishi Chicago na ni shabiki wa White Sox, timu ya besiboli iliyopoteza mechi 121 msimu wa 2024. Nimechoka, ila kuhama timu siwezi.

Kinachonichanganya ni hiki. Desemba 2016 walimpeleka mrushaji nyota Chris Sale kwa timu ya Boston wakapewa wachezaji vijana, akiwemo Yoán Moncada. Tukaambiwa tuvumilie. Tukaingia mtoano 2020 na 2021, mara zote mbili tukatolewa mapema, kisha yote yakaporomoka. Desemba 2024 wakamtoa mrushaji mwingine, Garrett Crochet, tena kwa Boston hiyohiyo, wakachukua vijana wanne, akiwemo mdakaji Kyle Teel. Wimbo uleule!

Nimejaribu kufuatilia Birmingham, timu yao ya ligi ndogo ya kukuzia vijana, iliyobeba ubingwa wa ligi yake 2024. Raha ipo, lakini sijui inanipa picha gani ya timu kubwa.

Wazoefu, niangalie dalili zipi kujua vijana hawa wanakomaa kweli? Na je, nilipie tiketi za msimu mzima, au ninunue mechi mojamoja kwanza?