Midoli ya kizungu itolewe shule za awali? Wazazi wa Mwanza tujadili

Mama wa Igoma (mleta mada):
Mwangaluka wadau. Jumamosi tulikuwa na kikao kwenye shule ya awali anayosoma binti yangu, mzazi mmoja akatoa hoja midoli yote ya kizungu, ile yenye nywele za njano, itolewe darasani. Watu wakabishana mpaka kikao kikaisha bila jibu. Mimi nipo upande wa kuitoa na sababu ni hii.

Mwezi uliopita nilizunguka Makoroboi natafuta mdoli mweusi, nimepita meza kibao ndio nikaupata mmoja, nimefika home nampa binti, kauangalia weee alafu akaniambia mama huyu mchafu, muogeshe kwanza. Ana miaka 5. Niliingia jikoni nikalia.

Miaka ya 1940 huko Marekani kuna mke na mume, Mamie na Kenneth Clark, wanasaikolojia weusi, waliwapa watoto weusi wa miaka 3 mpaka 7 midoli inayofanana kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza upi mzuri, upi mbaya, upi unafanana na wewe. Wengi wakasema mzuri ni mweupe, na likija lile swali la mwisho kuna waliolia. Utafiti huo ulitumika kwenye kesi ya 1954 ambapo Mahakama ya Juu ya kule ilikataza kuwatenga watoto shuleni kwa rangi zao. Sasa wale walikuwa wanaishi ndani ya ubaguzi wenyewe, wangu anaishi Igoma, mzungu anamuona kwenye TV, hilo neno mchafu kalitoa wapi?

Fundi cherehani, Kirumba:
Pole sana dada, hiyo imeniuma na mimi. Ila marufuku sikubaliani nayo. Mzazi ananunua kilichopo mezani na anachokimudu, ukipiga marufuku mwenye hela ataagiza Dar, wa kwangu mimi atakaa bila mdoli. Na viwanda tusivisubiri, Barbie ilitoka 1959, mdoli mweusi Christie aliyekuwa rafiki yake 1968, Barbie mwenyewe mweusi mpaka 1980, yaani miaka 21! Mimi vipande vya vitenge vinavyobaki nawashonea wanangu midoli, najaza sufi, nywele nyuzi nyeusi nazisuka kabisa. Wanalala nayo.

Mjukuu wa Kisesa:
Naunga mkono fundi. Kwani sisi tulinunua mdoli lini? Tulikuwa tunachuma hindi bichi shambani kwa bibi, lile lenye ndevu ndefu, tunalisuka, tunalifunga mgongoni na kipande cha khanga tunaenda nalo kisimani. Bibi alituchapa kwa kuharibu mahindi na kesho yake tunachuma tena. Mdoli wa kiwanda ndio mgeni. Kwenye jumba la makumbusho la Uingereza kuna mdoli wa matambara uliotoka Misri enzi za Warumi, kitambaa cha kitani kimejazwa vitambaa na mafunjo, mafunjo haya haya yanayoota huku kwetu ziwani, na mto wa kule unaanzia kwetu. Waasante wa Ghana wana akuaba, sanamu ya mti yenye kichwa cha mviringo kama sahani, mwanamke anayetafuta mtoto anaibeba mgongoni. Wazaramo wa Pwani wana mwana hiti, sanamu ya mti pia, mwali akiwa ndani anapewa anamlea kama mtoto wake. Vichonge vipelekwe shuleni, watoto wajue.

Muuza dagaa, Sengerema:
Hapo kwenye kuchonga naomba tusimame kidogo. Matambara sawa, mahindi sawa. Lakini sanamu ya mti isiyo na mikono wala miguu, kwa kanda yetu hii, jirani akiikuta chini ya kitanda cha mtu mnajua kitakachosemwa. Bibi zetu waliuawa wakiitwa wachawi kwa ajili ya macho mekundu tu, na wekundu wenyewe ni moshi wa jikoni. Mwana hiti ni wa mwali wa Kizaramo na ana somo wake wa kumfundisha, ukimchukua ukamweka darasani huku bila hayo mafunzo anabaki kuwa kitu cha kutisha. Sio kwamba nadharau mila ya mtu.

Mama J, Nyegezi:
Nimesoma wote na sijaona aliyemtaja mwanangu. Mwanangu ana ualbino. Huo mdoli wa nywele za njano mnaotaka kuutoa ndio pekee darasani kwake unaofanana naye hata kidogo, kila asubuhi anaukimbilia huo, wenzake wanamwambia huyo ni mzungu sio wewe. Mkiutoa mkaweka weusi watupu nani atabaki hana wake? Kuanzia mwaka 2007 hivi watu kama yeye walikuwa wanawindwa kanda hii hii, sote tunakumbuka. Nataka siku moja aone mdoli wa Kisukuma wenye ngozi yake, umevaa kitenge, umekaa kwenye benchi moja na wengine.

Mama wa Igoma (mleta mada):
Mama J nisamehe, hilo kweli halikunipita akilini na lilipaswa kuwa la kwanza. Hoja yangu ya kutoa naifuta. Jumamosi kuna kikao tena, nitaomba kila mzazi alete kipande cha nguo iliyochakaa tushone pale pale na watoto wakiwa wanaona, rangi zote zilizopo darasani, na wa mwanao ashonwe kwa kitambaa utakachochagua wewe. Wa mti tuuache kwanza, dada wa Sengerema kasema kweli. Fundi wa Kirumba, sufi ya kujaza midoli kama ishirini ni kilo ngapi, na Jumamosi saa nne una nafasi?